Miombo inachipua Septemba bila tone la mvua: tuzungumzie majani na ukame

#1 Mwanamsitu

Wakuu, salaam.

Kila mwaka kuanzia mwishoni mwa Agosti picha za misitu ya Tabora, Katavi na Ruvuma huanza kuzunguka kwenye magrupu. Vilima vimegeuka vyekundu, vingine rangi ya shaba, na maneno chini ya picha ni yale yale: "msitu unakauka", "tumekwisha, tabianchi hii". Nimeona nifungue uzi, kwa sababu kinachoonekana kwenye picha hizo ni kinyume cha kukauka. Hayo ni majani mapya.

Angalieni kalenda yenyewe. Tabora mvua hukatika mwishoni mwa Aprili au Mei mwanzoni, na hairudi ya maana hadi Novemba. Kwa hiyo Septemba na Oktoba ndiyo miezi migumu kuliko yote: jua kali, hewa kavu, nyasi zimebaki mabua, udongo wa juu ukiushika ni vumbi. Katika wakati huohuo mtundu, myombo na muba, miti mikuu ya misitu hii tunayoiita miombo, hutoa majani mabichi, laini. Hayasubiri mvua. Yanaitangulia kwa wiki kadhaa.

Ili tuone ukubwa wa jambo hili, tuanze na jani lenyewe. Chini ya jani kuna matundu madogo mno yanayoitwa stomata, na kwa miti mingi hufika mamia katika kila milimita moja ya mraba. Mti huyafungua ili kabonidayoksaidi iingie, maana bila hiyo hakuna usanisinuru na hakuna chakula. Lakini tundu likiwa wazi kuingiza hewa, maji nayo hutoka. Zaidi ya asilimia 90 ya maji yanayofyonzwa na mizizi hupotelea hewani kwa njia hiyo, na ni sehemu ndogo tu inayobaki mwilini mwa mti. Ukifunga stomata unabaki na maji lakini unakaa na njaa. Ukizifungua unakula huku unakauka. Mti wa nchi kavu maisha yake yote unahangaika kati ya mambo hayo mawili.

Kila aina imepata njia yake. Mninga haubishani na kiangazi: hupukutisha majani mapema na kukaa mtupu miezi kadhaa. Kabla ya kuliangusha jani huvuta kwanza mali iliyomo, hasa naitrojeni na fosforasi, ikarudi kwenye matawi. Ndiyo maana jani linageuka njano kabla ya kudondoka; kinachoondoka ni kile ambacho mti hauna haja nacho tena.

Mbula, wenyeji wa Iringa na Songea mnaujua kwa matunda yake, umechagua kinyume. Wenyewe hubaki kijani mwaka mzima katikati ya miti mitupu. Siku ukiupita chuma jani moja uligeuze. Juu ni gumu, kijani kizito, lina nta. Chini ni la kijivu, na ukipitisha kidole unahisi manyoya mafupi yaliyosongamana. Stomata zake hazipo usoni. Zimefichwa ndani ya vishimo, na vishimo vyenyewe vimejaa manyoya hayo, kwa hiyo upepo wa Septemba unapita juu bila kuufikia mvuke uliotulia ndani. Nimeshika majani ya miti mingi na sijaona kazi iliyofanywa kwa uangalifu kama ile.

Mkusu nao, mama wa makusu, jani lake ni nene kama soli ya kandambili. Jani la namna hiyo ni ghali kulitengeneza, kwa hiyo mti hulitumia muda mrefu.

Hata katika mti mmoja majani hayafanani. Chukua la kileleni linalopigwa na jua kutwa, uliweke kando ya la tawi la chini kivulini. La juu kwa kawaida ni dogo na nene, la chini ni pana na jembamba. Jani dogo hupozwa na upepo kwa urahisi bila kuhitaji kumwaga maji mengi, na ndiyo sababu migunga ya nyika ina vijani vidogo vidogo hivyo.

Sasa turudi Septemba. Mtundu hauna manyoya ya mbula wala unene wa mkusu. Nguvu yake iko kwenye ratiba. Unapoangusha majani ya zamani, maji yanaacha kupotea. Mizizi iliyoshuka chini sana kwenye udongo ambao bado una unyevu inaendelea kuvuta taratibu, na shina linajaa upya. Joto likianza kupanda baada ya baridi ya Juni na Julai, akiba hiyo ya maji na ya wanga inasukumwa kwenye matumba. Mvua ya kwanza ikinyesha na kuamsha rutuba kwenye udongo, mtundu tayari una majani yaliyokomaa, yako kazini. Mti unaosubiri mvua ndipo uchipue unapoteza wiki nzuri kuliko zote.

Na hapa ndipo penye hoja yangu. Majani yale mapya yamelipiwa kwa akiba ya kiangazi kizima. Mti ukiyapoteza mwezi ule, hauna kingine mfukoni. Kwa hiyo wakati tunaochoma misitu kwa fujo ndio wakati mti umejitoa wote.

Karibuni.

#2 Kigoma_Asubuhi

Mkuu asante kwa uzi. Swali langu ni rangi. Kama ni majani mapya kwa nini yawe mekundu na si ya kijani? Huku kwetu watu wanaamini kabisa ni ugonjwa.

#3 Mwanamsitu

Ndugu, ile nyekundu ni rangi iitwayo anthosianini. Jani changa bado halijakamilisha mitambo yake ya kutumia mwanga. Klorofili, ile rangi ya kijani inayonasa mwanga, ni kidogo, na jua la Septemba halina huruma. Mwanga ukizidi uwezo wa jani unageuka sumu ndani ya seli. Anthosianini hukaa kama kinga ikipunguza mwanga unaofika ndani. Jani likikomaa na kujaza klorofili, nyekundu huondoka, linakuwa kijani.

Tazama pia mkao. Majani machanga ya mtundu hayakai bapa. Yananing'inia kama yamenyauka, kumbe yamegeuza ubavu ili jua la saa sita lisiyapige usoni. Kama hamko karibu na miombo angalieni mwembe wowote uwanjani: machipukizi yake huja yakiwa ya hudhurungi-nyekundu na yamelegea, halafu yanasimama na kuwa kijani.

Kutofautisha na ugonjwa ni rahisi. Jani jipya ni laini na linang'aa, na rangi yake imeenea sawasawa. Jani gonjwa lina madoa, kingo zilizoungua, na linakatika ukilikunja.

#4 Bi Asali

Shikamoo Mwanamsitu, kama ni mkubwa kwangu. Mimi ni mfugaji nyuki, Sikonge.

Sisi msitu tunausoma kwa maua. Mtundu unatoa maua karibu pamoja na majani hayo mapya, kabla au mwanzoni mwa mvua. Muba unachelewa, maua yake huja mvua ikielekea mwisho, Februari mpaka Aprili hivi. Kwa hiyo nyuki wana chakula nyakati mbili tofauti kwa sababu miti hii miwili haina ratiba moja. Mwaka ambao mtundu umechipua vibaya, mizinga inakuwa myepesi na makundi yanahama.

Nataka niseme la moto bila kulizunguka, maana linatuhusu sisi wenyewe. Baadhi ya walinaji bado wanapanda mtini na mwenge wa nyasi, cheche zinadondoka chini, msitu unawaka Septemba. Bomba la moshi la kufukizia nyuki lipo, fundi yeyote wa bati anatengeneza. Kikundi chetu hakuna anayeruhusiwa kulina kwa mwenge, na ningependa kila kikundi kiwe hivyo.

Ila naomba nifafanuliwe: viongozi wengine wanatuambia msitu usichomwe kabisa mwaka mzima, wengine wanasema uchomwe mapema. Tushike lipi?

#5 Mwanamsitu

Marahaba Bi Asali, na ahsante kwa kusema la mwenge.

Kuhusu moto kuna ushahidi mzuri wa jirani zetu Zambia. Karibu na Ndola, miaka ya 1930, walitenga vipande vya msitu wa miombo wakawa wanavichoma kwa nyakati tofauti mwaka hadi mwaka. Vilivyochomwa mapema, nyasi zikiwa bado na ubichi, miombo ilibaki. Vilivyochomwa mwishoni mwa kiangazi kila mwaka, miti ya miombo ilitoweka karibu yote, pakawa nyasi na vichaka vinavyovumilia moto. Vilivyokingwa moto kabisa vilizidi kusongamana na kuwa msitu mnene.

Sababu ni mbili na zote zinahusu majani. Nyasi za Oktoba zimekauka, kwa hiyo moto ni mkali na unapanda juu. Halafu unakuta matumba na majani machanga yametoka. Mti ukichomwa Juni unapoteza majani uliyokuwa unajiandaa kuyaangusha hata hivyo. Ukichomwa Oktoba unapoteza akiba yote, na unalazimika kuchipua mara ya pili bila kitu.

Kwa hiyo kijiji kisichoweza kuzuia moto kabisa, na vingi haviwezi, kichome mapema kwa mpango: Mei hadi Juni, asubuhi au jioni hewa ikiwa imetulia, kwa mabaka mabaka. Nyasi zinazobaki hazitaweza kubeba moto mkubwa baadaye. Kukataza mwaka mzima bila ulinzi ni kulimbikiza kuni kwa ajili ya Oktoba.

#6 Mwalimu wa Baiolojia

Niongeze kidogo kwenye upande wa ndani ya mti, maana wanafunzi wangu huuliza sana: maji yanapandaje, na ukame unauaje?

Maji hayasukumwi kutoka chini. Yanavutwa kutoka kwenye jani. Kila chembe ya maji inayotoka kwa mvuke inaivuta iliyo nyuma yake, mnyororo mmoja mpaka mzizini. Dixon na Joly walieleza hivyo mwaka 1894 na maelezo hayo bado yamesimama. Udongo ukikauka, mvuto unazidi kuwa mkali ndani ya mirija. Ukipita kiasi, mnyororo unakatika na hewa inaingia. Mrija wenye hewa haubebi maji tena. Yakitokea mengi kwa pamoja, tawi linakufa hata kama mvua itanyesha kesho.

Kukatika huko kuna mlio. Mwaka 1966 Milburn na Johnson waliweka kipaza sauti kwenye jani la mnyonyo, huu huu wa mbarika unaoota majalalani, wakasikia milio mifupi mmoja baada ya mwingine jani likinyauka.

Stomata zipo kuzuia hali hiyo isifike. Maji yakipungua, homoni iitwayo asidi absisiki hujikusanya kwenye jani, seli mbili zinazolinda kila tundu zinalegea, na tundu linafungwa. Miti mingine hufunga mapema ikawa salama lakini na njaa. Mingine huendelea kula hadi karibu na hatari. Ukame mfupi unawafaa hawa wa pili, mrefu unawaua. Ukame mrefu pia huwachosha wa kwanza kwa njaa, ila polepole.

Na kwa baadhi ya miti mirija ya jani huziba kabla ya ile ya shina. Jani linakufa, shina linapona. Ni hasara iliyopangwa.

#7 Dodoma Kavu

Wakuu mbona mbuyu hatuutaji? Ule una tangi zima la maji shinani. Ndio mfalme wa ukame.

#8 Mwanamsitu

Mkuu, mbuyu una jambo la kushangaza zaidi ya hilo tangi. Watafiti walioupima huko Madagaska, ambako mibuyu ni ya aina nyingi, walichapisha mwaka 2006 kwamba maji ya shinani hutumika kuchipushia majani mapya kabla ya mvua, lakini si kufungulia stomata. Majani yanatoka, yanapanuka, halafu yanakaa yamefunga matundu mpaka mvua inyeshe. Yaani akiba kubwa vile, na bado mti haukubali kuitumia kwa matumizi ya kila siku.

Kuna la pili. Kwangua gome la mbuyu kidogo sana kwa ukucha, utakuta kijani chini yake. Hata ukiwa mtupu miezi yote ile, gome lina klorofili na linaendelea na kazi yake ndogo. (Kidogo sana, tafadhali. Mibuyu ya kando ya barabara imechanjwa vya kutosha.)

#9 Mama Kitui

Hiyo ya gome kijani tuko nayo sana huku Ukambani. Ile miti ya jamii ya Commiphora, gome la juu linabanduka kama karatasi, ukiliondoa unapata kijani kibichi kabisa. Inakaa bila majani sehemu kubwa ya mwaka. Mvua mbili tatu zikinyesha, kwa siku chache imevaa. Kumbuka huku kwetu mvua ni misimu miwili na yote haitabiriki, kwa hiyo mti hauwezi kuweka tarehe kama huo mtundu wenu. Unangoja.

Na mnyaa tunaopandia ua, ule umeacha majani karibu kabisa. Matawi ndiyo yanafanya kazi, tena stomata za matawi zinafunguka usiku wakati hewa imepoa.

#10 Mwanamsitu

Mama Kitui umesema jambo zito. Mahali ambapo kiangazi kina tarehe, mti unaweza kupanga mbele. Mahali ambapo mvua haina ahadi, mti unajifunza kungoja. Ndiyo tofauti kubwa kati ya miombo na nyika yenu.

#11 Mbao Safi

Mimi naona tunajisumbua. Mkaratusi unabaki kijani kiangazi chote, unakua haraka, una soko. Tupande huo tuachane na miti inayovua nguo nusu mwaka.

#12 Mwanamsitu

Ndugu yangu, mkaratusi kweli ni hodari, na jani lake ni somo zuri. La mche mdogo limelala bapa, la mti mzima linaning'inia wima ili jua la mchana liligonge kwenye ukingo. Kwa aina nyingi lina stomata pande zote mbili.

Ila kubaki kijani kiangazi chote maana yake ni kuendelea kunywa kiangazi chote. Shamba lako la mbao likiwa mbali na chemchemi, panda, sina ugomvi. Ukiupanda kwenye chanzo cha maji, mto wenu utawaambia. Ule mti unaovua majani Julai unawaachia watu wa bondeni maji ya Agosti, na jambo hilo hakuna soko linalolilipia.

#13 Makala Lubumbashi

Huku Katanga pori ni hilo hilo, miombo, na majani mekundu tunayaona Septemba. Pori letu linakwisha kwa makala, yaani mkaa. Swali langu: mti uliokatwa unachipua kwenye kisiki, na majani yake ni makubwa kuliko ya mti wa zamani. Ni aina nyingine ama ni ule ule?

#14 Mwalimu wa Baiolojia

Ni ule ule. Kisiki kina mizizi ya mti mzima inayohudumia vitawi vichache, kwa hiyo kila jani linapata maji mengi na linapanuka. Vitawi vikiongezeka na kurefuka, majani yatarudi udogo wake. Miombo karibu yote hurudi kwa visiki na mizizi kuliko kwa mbegu, kwa hiyo pori lililokatwa si lazima liwe limekufa. Linakufa likichomwa kila mwaka juu ya kukatwa, au visiki viking'olewa kwa shamba. Ukipata nafasi, acha kila kisiki na machipukizi mawili au matatu yenye afya, mengine ondoa.

#15 Kigoma_Asubuhi

Sasa swali la mwisho la kwangu. Kama miti imejipanga hivi tangu zamani, kwa nini tuhofie mabadiliko ya tabianchi? Si itazoea?

#16 Mwanamsitu

Ratiba ya mtundu imekaa juu ya mambo mawili: kwamba mvua zilizopita ziliujaza udongo wa chini, na kwamba mvua ijayo haitachelewa sana. Msimu wa 2023/24 mvua zilikatika mapema Zambia, Malawi na Zimbabwe, na nchi zote tatu zilitangaza janga la kitaifa mwaka 2024. Watu walihesabu mahindi, na ni haki. Lakini udongo wa chini nao haukujaa, na miti iliingia kiangazi na akiba pungufu.

Halafu kuna joto lenyewe. Kila nyuzi moja ya Selsiasi inayoongezeka, hewa inaweza kubeba mvuke zaidi kwa takribani asilimia 7. Maana yake hewa inavuta maji kwenye jani kwa nguvu zaidi hata kama mvua haijapungua hata milimita moja. Jani lililozoea Oktoba ya zamani linakutana na hewa yenye kiu zaidi.

Jani la mwaka huu linaweza kujirekebisha, likawa dogo au nene. Lakini kubadilisha tarehe ya kuchipua, au upana wa mirija, ni kazi ya vizazi vingi vya mti, na kizazi cha mti ni miaka mingi mno kulinganisha na kasi tunayoiona.

#17 Bi Asali

Nimeelewa la moto, nitalipeleka kwenye mkutano wa kijiji. Jambo moja jingine. Tulipanda miche ya mininga pembezoni mwa hifadhi yetu ya nyuki. Kila kiangazi inakauka mpaka chini, vijana wanasema imekufa, wanataka kung'oa wapande kitu kingine.

#18 Mwanamsitu

Usiwaruhusu, Bi Asali. Mninga mchanga ndivyo ulivyo. Shina dogo hufa kiangazi na kuchipua tena mvua zikianza, na hali hiyo huweza kuendelea miaka mingi, hata kumi. Wakati wote huo kazi inafanyika chini: mzizi unanenepa na kushuka. Ukishapata mzizi wa kutosha, mwaka mmoja shina linapanda kwa kishindo na haliangalii nyuma.

Wapeni vijana kazi hii badala ya kung'oa. Kila mche uwekewe kigingi ili usipotee kwenye nyasi. Mwezi wa Mei mfyeke nyasi kuuzunguka kwa upana wa hatua mbili kila upande na kuziondoa, moto ukipita usipate cha kuwakia. Mkitaka kujua mche upo hai, fukueni pole pole kando yake sentimita chache na kukwangua gome la mzizi. Kukiwa kubichi ndani, na utomvu mwekundu ukatoka, rudishieni udongo muuache.